Rangi ya mbalamwezi

Fundi hakuniuliza nataka rangi gani wala nimekuja na shilingi ngapi. Aliizunguka pikapu yangu mara mbili bila neno, akabonyeza bati la ubavuni kwa kidole gumba, likalia kama mkate mkavu, ndipo akasema: "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "mwezi una siku ngapi?"

Nikahesabu. Ulikuwa umeandama Jumapili, na siku ile ilikuwa Alhamisi. Nikamwambia una siku nne.

"Basi endelea na mizigo yako. Ukifika siku ya tisa niletee gari. Bati na puti ya kujazia mabonde nafanya siku yoyote, ila rangi yenyewe naipuliza siku za mbalamwezi."

Mimi ni mtu wa kando ya ziwa. Biashara ya dagaa nimeifanya miaka kumi na tisa, na mwezi naufuata kuliko kalenda ya ukutani. Lakini sikuwahi kumsikia fundi wa magari akiuliza habari zake. Niliondoka pale Pasiansi, hapa Mwanza, nikijisemea, huyu mzee ama ananizungusha, ama anajua kitu.

Anajua kitu. Na kwa kuwa kila ninapopaki watu wananiuliza nilikoipeleka, naandika yote niliyoyaona. Siku zile zote nilishinda pale gereji, nimekaa kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa chini ya mwembe, nikitazama.

Nianze na mwezi. Kwa asiyeishi huku, Ziwa Victoria lina wadudu wadogo wanaofanana na mbu, lakini hawaumi. Mabuu yao hukulia majini na kwenye tope la chini, kisha hugeuka na kupaa kwa mamilioni. Ukiwa Capri Point jioni, au kule Igombe, unaona nguzo za moshi zimesimama juu ya maji ukadhani kuna chombo kinaungua. Ni wao. Upepo ukiwaleta nchi kavu wanajaa kwenye taa, kwenye chai, kwenye nywele za watoto. Wanatoka mwaka mzima, ila wingi wenyewe ni siku za mwezi kuandama. Na fundi anasema kitu cheupe kinachong'aa na kilicho kibichi kinawaita kuliko taa. Wakitua kwenye rangi mbichi miguu inanasa, wanapigapiga mabawa, wanachora.

Dagaa nao wana mwezi wao. Huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani karabai, siku hizi za betri na sola. Mbalamwezi ikiwaka, taa haimvuti tena dagaa, kwa hiyo mitumbwi inapandishwa mchangani, nyavu zinashonwa, na sisi wenye magari tunakaa kama siku kumi bila mzigo wa maana. Kwa maneno mengine, siku ambazo pikapu yangu haina kazi ndizo hizohizo ambazo wadudu wamepungua. Mambo hayo mawili yamepita mbele ya macho yangu miaka yote hiyo, na sikuwahi kuyaweka pamoja mpaka mpiga rangi aliponiuliza swali lake.

Pikapu yenyewe ni Toyota Hilux ya milango miwili, nyeupe. Sasa hivi inachukua magunia ya dagaa Kayenze na Igombe kuleta soko la Kirumba Mwaloni. Miaka ya mwanzo ilikuwa inabeba kayabo, yaani sangara waliopasuliwa, wakatiwa chumvi na kukaushwa, wale wanaokwenda Kongo. Watu hupenda kusema magari ya Mwanza yanaoza kwa sababu ya ziwa. Wanalionea ziwa. Maji yake hayana chumvi, tunayanywa. Chumvi inayokula magari yetu tumeipakia sisi wenyewe, gunia kwa gunia, na maji yake yanachuruzika kwenye mikunjo ya bati ambako fagio halifiki.

Miaka mitatu iliyopita niliipeleka gereji nyingine, jina lake naliacha. Kwa siku tatu tu wakanirudishia inang'aa. Nilifurahi mpaka nikaipitisha mitaa ambayo sikuwa na shughuli nayo. Mvua za vuli zilipoingia nikaona vipele juu ya gurudumu la nyuma. Vipele vikawa malengelenge. Ukitoboa moja kwa ukucha linatoka unga wa rangi ya ugoro. Walikuwa wamepaka rangi juu ya kutu, na kutu haikubali kufunikwa hivyohivyo: inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, kwa hiyo inavimba chini kwa chini na kuinua kila kilicho juu yake. Nilihuzunika sana. Pesa ile ilikuwa ya msimu mzima.

Siku ya tisa ya mwezi nikafika asubuhi. "Mwangaluka, mayu." Nikaitikia salamu hiyo ya asubuhi. Nilidhani nitawakuta na misasa mkononi. Nikawakuta wamechemsha maji.

Walianza na kuosha, na waliosha kama watu wanaosha sufuria la pilau lililoungua. Maji ya moto, sabuni, brashi ya waya kwenye mikunjo, mpira wa maji ukaingizwa kwenye kila tundu la chini ya bodi mpaka maji yakatokea upande wa pili. Kijana wa gereji aliingia uvunguni akatoka amelowa kama mvuvi. Kisha mzee akachovya kidole kwenye kona ya ndani kabisa, pale mlango wa nyuma unapokutana na sakafu, akakilamba.

"Kayabo bado wamo."

Wakaosha tena. Akaonja tena. Bado. Mara ya nne hakuonja yeye, alinionyesha ile kona mimi. Nilisita, lakini nikachovya, nikaonja. Maji matupu. Ndipo akasema basi, acha likauke juani.

Nilimuuliza kwa nini ahangaike hivyo wakati rangi itafunika. Akanieleza kwamba rangi si kioo, unyevu hupenya taratibu, na chumvi ikifungiwa chini yake inaufyonza unyevu huo mpaka inatengeneza kidimbwi chake yenyewe. Malengelenge yangu ya miaka mitatu iliyopita yalianzia hapo. Hakuna rangi ya bei yoyote inayoshinda chumvi iliyofungiwa chini.

Mchana wakaanza kulivua gari. Bampa, taa zote, vitasa, raba za madirisha, vioo vya pembeni, namba. Kila seti ya skrubu kwenye kopo lake, na kopo limeandikwa kwa chaki. Gereji nyingi hawatoi raba, wanazibandika tepu na gazeti wakapuliza juu. Ukipita ukucha pale unasikia ukingo, na siku za baadaye rangi huanza kubanduka kwenye ukingo huohuo. Kama unataka kumjua fundi kabla hujampa kazi, nenda ukaangalie raba za gari alilolimaliza.

Kazi ya kuchomelea sitaieleza sana. Walikata bati lote lililooza kwenye matao ya magurudumu ya nyuma na pembe mbili za bodi, wakakata mpaka wakafika kwenye chuma kinachong'aa, wakaweka bati jipya. Iliniuma kuona shimo ambalo ningepitisha kichwa cha mtoto.

Kunyoosha ndiko kulikonishika. Mzee alikaa kwenye kigoda, mkono wa kulia nyundo, wa kushoto kipande cha chuma kizito nyuma ya bati, akawa anagonga taratibu, tik, tik, tik, kama anayegonga yai. Hagongi katikati ya bonde. Anaanza pembeni anakuja ndani, maana bati lililobonyea limevutika, ukiligonga katikati linavutika zaidi. Kisha anaweka kitambaa chembamba juu ya bati, anafumba macho, anapitisha kiganja. Nikamwuliza kitambaa cha nini. Kiganja kitupu kinang'ang'ania bati, alisema, na kikinasanasa hakisikii. Chini ya kitambaa kinateleza, kinasikia mpaka unene wa karatasi. Aliniachia nijaribu. Nilipitisha mkono nikamwambia ni sawa kabisa. Akanirudisha nyuma kidogo, akanibonyezea kiganja polepole, na kweli nikasikia bonde, dogo kama alama ya kidole kwenye ugali.

Yaliyobaki ndiyo yanayojazwa puti. Puti inachanganywa na hadina, ile dawa nyekundu ya kuikausha, kidogo sana, kama mia kwa mbili hivi, unasokota mpaka rangi inakuwa moja bila michirizi. Ukizidisha hadina ukidhani itakauka haraka, inapasuka baadaye, na wekundu wake unaweza kupanda mpaka kwenye rangi ya juu. Kwa joto letu la saa sita mchana una dakika chache tu, kwa hiyo wanachanganya kiasi cha kofi moja, wanapaka, wanachanganya tena.

Hapa kuna jambo nataka kila mwenye gari Mwanza alijue. Nimeona gereji nyingi wakisugua puti kwa msasa na maji. Maji yanapunguza vumbi, msasa haujai haraka, kazi inakwenda. Lakini puti ina vitundu kama andazi. Inakunywa yale maji, yanabaki mle, halafu inafungwa kwa praima, yaani rangi ya chini, na rangi ya juu. Miezi michache baadaye chuma kilicho chini kinaanza kuota kutu kutokea ndani. Mzee hataki kuona ndoo ya maji karibu na puti. Wanasugua kavukavu, msasa umefungwa kwenye kibao kilichonyooka: namba 80 ya kutengeneza umbo, 180 ya kufuta mikwaruzo ya 80, 320 ya kufuta mikwaruzo ya 180. Huwezi kuruka namba. Mikwaruzo ya 80 haifichiki, rangi ikikauka inasinyaa na kuingia ndani yake, na unaiona yote siku ya jua kali.

Kabla ya kusugua raundi ya mwisho kijana alipuliza rangi nyeusi nyepesi sana juu ya puti, kama vumbi la mkaa. Nikashangaa, tunachafua tena? Wakasugua kwa kibao, weusi ukaondoka kote isipokuwa sehemu tatu. Sehemu zile ndimo mlimokuwa na mabonde, msasa ulipita juu bila kuzigusa. Jicho langu lilikuwa haliyaoni hata kidogo.

Mwanangu alikuja jioni ile kutoka chuo, akaitazama, akasema, "Mama, sasa si uipige nyeusi? Itakuwa ya kijanja." Mimi mwenyewe nilikuwa na wazo la bluu, bluu ya ziwa la saa nne asubuhi. Mzee alitusikiliza wote wawili, kisha akatuuliza kadi ya gari inasemaje. Kadi inasema nyeupe. Ukibadilisha rangi lazima uende TRA, mamlaka ya mapato, wabadilishe na kadi, la sivyo gari na karatasi zake havifanani, na askari wa barabarani akikusimamisha una la kujieleza. Tena nyeusi inaonyesha kila wimbi la bati, na mzigo wa dagaa juani unataka gari jeupe. Mwanangu alinuna kidogo. Tukabaki na nyeupe.

Nyeupe nayo si moja. Ukifungua boneti ya Toyota kama yangu utakuta kibati kidogo chenye maandishi, tafuta herufi C/TR, mbele yake ndipo ilipo namba ya rangi. Yangu ni 040, ambayo Toyota wenyewe wanaiita Super White II. Nilikwenda nayo duka la rangi mjini wakanichanganyia rangi ya 2K, ile yenye hadina yake. Mzee hakuiamini namba peke yake. Alipuliza kwenye kipande cha bati, akakiacha kikauke, akakilaza karibu na ndani ya mlango ambako rangi ya kiwandani haijapigwa jua, akatazama kivulini, kisha juani. Zilikubaliana.

Praima zilikuwa mbili. Moja ya kushika chuma kitupu na kuzuia kutu, ya pili nzito ya kujaza mikwaruzo midogo. Ikalala usiku mzima, kesho yake ikasuguliwa kwa msasa laini wa 800, safari hii kwa maji, maana praima hiyo ikishakauka haina vitundu vya puti. Gari likawa la kijivu, laini kama ubao wa meza ya seremala. Nikatamani kulichukua hivyohivyo.

Mwezi ulikuwa siku ya kumi na nne. Usiku ule nilikaa nje nyumbani, mwanga mweupe umemwagika mpaka kwenye miamba ya nyuma ya nyumba, na ziwani huko mbali hakuna taa hata moja. Kwa kawaida usiku wa giza ukitazama kule unadhani kuna mji mwingine juu ya maji, taa za dagaa zimejipanga. Usiku ule giza lilikuwa ziwani na mwanga nchi kavu. Nikalala mapema.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa Pasiansi. Umande ulikuwa bado kwenye boneti, kwa hiyo hakuna aliyegusa kitu. Mzee ana muda wake: umande ukishakauka kabisa, na kabla upepo wa ziwani haujaamka. Huku kwetu upepo ule huanza mchana unapokaribia, unatoka majini na kuja na vumbi lote la barabara ya uwanja wa ndege. Kwa hiyo ana kuanzia saa mbili mpaka saa nne na nusu, basi.

Wakati wa kusubiri walifungua koki ya chini ya kompresa, mashine ya kusukuma hewa. Yakatoka maji, mengi, ya kahawia, karibu nusu kikombe. Hewa ya ziwa ina maji ndani yake, kompresa inaikamua, na maji yale yasipotolewa yanapita kwenye paipu mpaka kwenye bunduki ya rangi. Anayatoa kila asubuhi, na ana chujio jingine karibu na bunduki. Hadina nayo haipatani na unyevu. Kopo lake linafunguliwa, linamiminwa, linafungwa papo hapo.

Kisha mafuta. Magunia ya dagaa yanachuja mafuta, na pikapu yangu ilikuwa imeyanywa kwa miaka. Waliipangusa kwa kisafishio, kitambaa kimoja kilicholowa na kingine kikavu kinachofuata nyuma yake kabla hakijakauka, kwa sababu kikikauka chenyewe mafuta yanabaki palepale. Baadaye mzee alinyunyiza maji kwenye ubavu. Yalitandaa kama shuka. Upande wa nyuma yakajikunja, yakawa matone. "Hapa bado." Angepuliza hivyo, rangi ingekimbia pale na kuacha vishimo vya mviringo, kila kimoja kama jicho la dagaa, na dawa yake ni kungoja ikauke, kusugua, kuanza upya. Wakapangusa tena mpaka maji yakatandaa kote.

Sasa kuhusu vifua vyao. Hili siwezi kuliruka. Siku ya kwanza nilimwona yule kijana akipuliza mlango wa gari la mtu mwingine amejifunga kitambaa cha kitenge mdomoni. Mzee mwenyewe ana kikohozi kikavu ambacho kinamkata maneno. Hadina ya rangi za 2K ina kemikali zinazoitwa isosayaneti, na zikipulizwa hewani zinaingia mapafuni na zinaweza kuleta pumu. Mtu akishapata pumu hiyo, hata kiasi kidogo tu siku za mbele kinamkaba. Kitenge hakizuii chochote, wala zile barakoa nyepesi za hospitali. Kinachofaa kabisa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa paipu kutoka mbali. Ile ipo kwenye gereji kubwa zenye oveni, chumba cha joto cha kukaushia rangi. Nilichoweza mimi ni kununua barakoa mbili zenye vichujio vya mkaa, na miwani ya kuziba, nikawapa kama sehemu ya malipo. Haitoshi, na nilimwambia hivyo. Ila mwanangu wa kumzaa ana umri sawa na yule kijana, na nisingekaa pale kutazama gari likipendeza huku mtoto wa mwenzangu anaharibika. Ukipeleka gari lako kwa fundi, tazama mdomoni mwake kabla hujatazama bei.

Saa mbili na robo walimwagia sakafu maji ili vumbi lisiinuke. Turubai zilikuwa zimeshushwa pande tatu. Mzee akavaa barakoa, akaanza na paa.

Bunduki ilikaa shibiri moja kutoka kwenye bati, haisogei mbele wala nyuma, mkono wote unakwenda, si kifundo cha mkono. Ukikunja kifundo bunduki inachora upinde, katikati inapata rangi nyingi, pembeni kidogo. Kila mstari ulifunika nusu ya mstari uliotangulia. Mkono wa kwanza wa rangi ulikuwa mwepesi, ukungu tu, kijivu bado kinaonekana. Akasimama. Nilidhani amechoka. Anasubiri, kama dakika kumi na tano, thina iliyoyeyushia rangi iondoke. Anagusa kwenye tepu, si kwenye gari: ikinata kidoleni bila kuchora, mkono wa pili. Mkono wa pili ukafunika kijivu. Wa tatu ulikuwa umelowa kabisa, unang'aa kama maji ya Nyegezi asubuhi kabla mtumbwi haujapita. Ni mkono wa hatari huo, ukikaa mahali sekunde moja zaidi rangi inalia, inatiririka machozi. Ukikimbia inakauka na ngozi ya chungwa.

Alikuwa anamalizia boneti nilipomwona mdudu. Mmoja. Alikuja peke yake, mbalamwezi na yote, akatua karibu na katikati, miguu ikanasa. Mkono wangu ulikwenda wenyewe.

"Mayu, acha!"

Alipaza sauti mpaka kijana akageuka. Nikarudi nyuma moyo unadunda. Baadaye alinieleza kwa upole. Ukimtoa mdudu rangi ikiwa mbichi unaacha shimo, na alama ya kidole, na pengine inabidi boneti nzima irudiwe. Ukimwacha, rangi inakauka kumzunguka. Yeye yuko juu, si ndani. Kesho kutwa unampangusa, unasugua pale kwa msasa wa 2000 na maji ya sabuni, unapolishi, hakuna atakayejua. Nilikaa namtazama mdudu yule akipigapiga mabawa kisha akatulia. Mwezi ungekuwa umeandama, pale pangekuwa na elfu.

Saa nne na dakika chache turubai zikaanza kupepea. Upepo ulikuwa umeamka. Bunduki ilikuwa tayari inaoshwa.

Yaliyofuata yalikuwa ya kusubiri. Usiku mmoja, mchana mmoja, usiku mwingine. Wakarudisha taa, raba, vitasa, kila kopo likarudi tupu. Yule mdudu aliondoka kwa kitambaa na dakika tano za polishi. Mzee alinipa masharti: wiki nzima nisiioshe kwa sabuni kali wala kuiegesha chini ya mti wenye ndege, mwezi mzima nisiipake nta, maana rangi ikiwa kavu juu bado inapumua chini. Sakafu ya bodi niiwekee plastiki nzito kabla ya gunia lolote. Na kila nikibeba kayabo niioshe siku hiyohiyo, si kesho yake.

Nilimlipa. Nikamwuliza kikohozi chake amekionyesha hospitali? Akasema ataenda. Nimemwambia nitapita Jumatatu kumchukua twende pamoja, na sikumwachia nafasi ya kukataa.

Mwezi umeingia gizani tena. Wiki hii nimefanya safari nne za Kayenze, na juzi mteja wangu wa zamani aliniomba nimsogezee kayabo kidogo mpaka Mwaloni. Niliporudi nyumbani ilikuwa saa mbili usiku, taa za dagaa zimejaa ziwani, wadudu wameizingira balbu ya barazani. Nikatoa plastiki, nikavuta mpira wa maji, nikaosha bodi mpaka kwenye mikunjo. Kisha nikachovya kidole kwenye kona ile ya nyuma, nikaonja.

Bado ilikuwa na chumvi. Nikafungulia maji tena.